Chakula Kimfaacho Nyoka Afugwaye



Mazungumzo yangu ya leo ni juu ya nyoka, na najua ya kuwa wengi wenu mkisikia jina hilo mara mnaitazama fimbo ilipo. Sikuja kuwasihi mumpende nyoka. Nataka kuzungumza jambo moja tu: mtu aliyekwisha kuwa na nyoka nyumbani mwake, au mwalimu aliyemweka darasani kwa ajili ya masomo ya viumbe, amlishe nini? Swali hili laonekana dogo. Walakini wako nyoka wengi wafugwao ambao hufa hali chakula kimejaa mbele yao, kwa sababu chakula kile si chao.

Wala asiseme mtu ya kuwa kufuga nyoka ni mambo ya Wazungu. Katika nchi ya Usukuma kiko chama cha watu wachezao na nyoka, waitwao Wayeye, na Bwana Hans Cory alichapisha habari za chama hicho mwaka 1946. Watu hao walijua tangu zamani jinsi ya kumkamata chatu, kumtunza na kumcheza ngomani, na pia walizijua dawa za kutibu walioumwa. Mtu amwekaye nyoka hai siku nyingi, awe Msukuma au mgeni, sharti awe amejifunza tumbo lake linataka nini.

Katika shule moja niliyopata kuitembelea, wanafunzi walikuwa wamemtia nyoka mwembamba wa rangi ya kijani katika sanduku lenye wavu wa chuma. Walimpenda sana, wakampa na jina. Asubuhi walimwekea uji katika kifuniko cha bati. Jioni walimwekea kipande cha nyama. Alipokataa vyote viwili, walimtilia panya mzima, aliye hai, wakasema, “Sasa hana budi kula.” Nilipofika mimi, panya alikuwa ameketi katika pembe moja akitafuna punje za mahindi walizomwekea asife njaa, na nyoka alikuwa amejikunja katika pembe ya pili, mkia wake umetafunwa hata mfupa ukaonekana. Wanafunzi walidhani ya kuwa amesusa kwa hasira. Kumbe nyoka yule ni wa jamii ya wale wakaao kando ya mito na madimbwi, na chakula chake ni vyura na mijusi midogo. Panya kwake ni adui tu aliyefungiwa naye chumba kimoja. Walimletea chura mdogo jioni ile ile, akamla mara moja, mbele ya macho yetu. Lakini jeraha la mkia lilikuwa limekwisha kuoza, akafa baada ya siku chache.

Basi, tuanze na mambo yaliyo kweli kwa nyoka wote. Hakuna nyoka alaye nafaka, wala majani, wala matunda. Nyoka wote hula viumbe, au mayai ya viumbe. Wako wasomao habari za Bustani ya Edeni katika Kitabu cha Mwanzo wakadhani ya kuwa nyoka hula mavumbi. Wazee wenye hekima hutuambia ya kuwa maneno yale ni habari ya adhabu na unyonge, si mafundisho ya jinsi ya kulisha; na mtu ampaye nyoka mavumbi atazika nyoka. Wako na wengine wasemao ya kuwa nyoka hupenda maziwa. Neno hili limeenea mahali pengi ulimwenguni, na huko Bara Hindi iko sikukuu ambayo watu humtolea fira maziwa kwa heshima. Lakini tumbo la nyoka haliwezi kuyasaga maziwa. Wale fira huyanywa kwa kuwa wamenyimwa maji siku nyingi kabla ya sikukuu, nao wakiwa na kiu kali hunywa cho chote kilicho majimaji. Na wengi wao huugua kisha hufa. Kinywaji cha nyoka ni maji safi.

Sasa, ijapokuwa wote hula viumbe, kila aina ina mlo wake, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki yuko nyoka mdogo wa nyanda za juu alaye konokono tu, na hasa wale wasio na nyumba mgongoni. Yuko nyoka mwembamba, kichwa cheusi, ambaye chakula chake ni tandu. Wako wale vipofu wanaofanana na nyungunyungu, wakaao chini ya ardhi, wasiokula kitu ila mchwa na sisimizi pamoja na mayai yao. Wako nyoka walao nyoka wenzao. Chatu naye hula wanyama wenye damu ya moto, tangu panya hata paa, kadiri ya ukubwa wake. Ukimchukua mla konokono ukamwekea panya, au mla mchwa ukamwekea konokono, ni sawasawa na kumfungia ng'ombe katika ghala la samaki. Chakula kiko tele, naye atakufa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumtambua nyoka mwenyewe, na kazi hiyo huitangulia hata kazi ya kutengeneza sanduku. Wala usimtambue kwa rangi tu. Nyoka wa kijani wa mitoni, asiye na madhara, hufanana sana machoni pa mtu asiyejua na koboko wa kijani wa pwani, ambaye sumu yake huua. Tena wako nyoka wengine wa mitini wenye rangi ya kijani ambao meno yao ya sumu yamo nyuma ya kinywa, nao pia wameua watu. Mwanafunzi asimguse nyoka asiyemjua kwa nia ya kujua hula nini. Amwulize mjuzi. Juu ya hayo iko sheria: katika Kenya kwa sheria ya mwaka 2013, na katika Tanzania kwa sheria ya mwaka 2009, mnyama wa mwitu hafugwi bila ruhusa ya serikali, na nyoka ni mnyama wa mwitu kama simba alivyo. Aliye bora kwa kufuga ni yule aliyezaliwa kifungoni kwa mtu mwenye ruhusa, kwa maana huyo amekwisha kuzoea chakula cha mkononi, na mwenyewe aweza kukuambia mlo wake wa mwisho ulikuwa nini na lini.

Nisimame kidogo kwa nyoka mla mayai, kwani sijapata kuona kiumbe ambaye mwili wake wote umefanywa kwa ajili ya chakula cha namna moja kama huyu. Kichwa chake chembamba kama ncha ya kidole, walakini hulimeza yai lililo kubwa mara kadhaa kuliko kichwa hicho. Meno yake ni madogo sana hata ni kama hana. Akilipata yai, kwanza huligusagusa kwa ulimi. Likiwa limeoza, au kifaranga kimekwisha kukua ndani yake, huliacha akaenda zake, na katika jambo hili amewashinda wapishi wengine niwajuao. Likiwa zuri, hulizungushia kinywa polepole, ngozi ya shingo ikitanuka hata magamba yakaachana. Likifika kooni, mifupa midogo itokayo katika uti wa mgongo huliminya na kulipasua. Uteute na kiini huteremka tumboni. Kaka la yai, limekunjamana, hutapikwa nje. Mwanafunzi akiliokota kaka hilo ataona ya kuwa halina hata tone ndani yake.

Nyoka huyu akitishwa hujikunja na kusugua magamba yake hata ikatoka sauti kama ya maji yatiwayo katika kikaango cha moto. Kwa kufanya hivyo, na kwa madoa ya mgongoni, huwaiga nyoka wenye sumu, na kwa sababu hiyo huuawa sana na watu, ingawa hana sumu hata kidogo. Basi mtu akimweka mla mayai, chakula chake ni mayai mazima, mabichi, ya ndege wadogo. Yai la kuku ni kubwa mno kwa wengi wao, isipokuwa kwa jike aliyekomaa sana. Walio wadogo huhitaji mayai ya chiriku na wenzake, na wakubwa kidogo huweza mayai ya njiwa. Usimpasulie yai katika kisahani, wala usimchemshie. Na kama huna mahali pa kupata mayai madogo mwaka mzima, usimfuge kabisa. Kwa desturi yake hula sana majira ndege watagapo, kisha hukaa miezi kadhaa bila kula. Lakini hawezi kufunga saumu kwa uvivu wa bwana wake.

Aliye rahisi kumlisha kuliko wote ni nyoka wa kahawia wa nyumbani. Bila shaka mmemwona: hutoka usiku, huzunguka maghala na makuti, na kila upande wa kichwa chake ana mistari miwili hafifu ya rangi ya maziwa, mmoja upitao juu ya jicho na mmoja chini yake. Hana sumu. Hukamata panya kwa meno, humviringa na kumbana hata akafa, kisha humeza kuanzia kichwani. Mkulima amwuaye nyoka huyu ghalani huwafanyia panya karamu, na mahindi yake ndiyo mchele wa karamu hiyo. Akifugwa, mkubwa hupewa panya mmoja wa kumtosha kila siku kumi au kumi na nne. Wadogo hulishwa kila siku tano hata saba, nao hupewa vitoto vya panya visivyoota manyoya bado. Twasema mwana wa nyoka ni nyoka, na ni kweli, lakini mwana huyu mwituni huanza maisha kwa kula mijusi, na wengine hukataa panya mara ya kwanza. Iko hila njema: chukua mjusi, umsugue taratibu juu ya kitoto cha panya kilichokufa, kisha umwachie mjusi aende zake. Nyoka hutambua chakula kwa harufu kuliko kwa macho, akionja hewa kwa ulimi wake. Harufu ya mjusi ikimfikia, atameza panya. Baada ya mara chache hatahitaji hila tena.

Sasa nyama ya buchani. Watu huniuliza, “Mwalimu, panya ni nyama, na nyama ya ng'ombe ni nyama, yako wapi matata?” Matata yako katika mifupa, maini na matumbo. Nyoka amlapo panya mzima hupata chokaa ya mifupa, pamoja na vitamini zilizomo katika ini, na vyote hivyo husagwa tumboni mwake. Hurudisha tu nywele na kucha katika kinyesi. Kipande cha nyama tupu hakina mambo hayo. Nyoka alishwaye minofu peke yake mifupa yake hulegea na nguvu zake huisha, ijapokuwa aonekana ameshiba. Kadhalika wale walao samaki wasilishwe aina moja tu ya samaki siku zote, kwani samaki wengine wana kitu ndani yao kinachoharibu vitamini B1, na nyoka hushikwa na kifafa.

Je, apewe panya aliye hai au aliyekufa? Mimi nasema aliyekufa, wala sisiti. Mmekwisha kusikia habari za mkia uliotafunwa. Panya akibanwa pembeni hupigania roho yake, na meno yake hukata mti. Hushindwaje na ngozi ya nyoka? Tena si adabu kumtesa panya kwa saa nzima ili watazamaji wafurahi. Panya auawe upesi, kwa mtu mzima ajuaye kazi hiyo, kisha atolewe mbele ya nyoka jioni kwa kibanio kirefu cha mti, akitikiswa kidogo. Usimshike panya kwa vidole ukampelekea nyoka; nyoka hana darasa la kumfundisha wapi panya amekwisha na wapi kidole kimeanza. Wenye jokofu huweza kuwagandisha panya na kuwaweka akiba; lakini wakati wa kulisha sharti barafu iyeyuke kabisa hata ndani, na panya apashwe katika maji ya moto kiasi, asipikwe.

Lakini panya yupi? Hapa nawaomba msikilize kwa makini, kwa maana jambo hili si la nyoka peke yake. Panya aliyeokotwa njiani au aliyenaswa nyumbani huenda amekula sumu ya panya. Sumu nyingi za madukani huzuia damu isigande, na nyoka amlaye panya huyo huila na sumu iliyomo ndani yake. Huenda pia ana minyoo. Baya kupita yote, panya wa porini huchukua viroboto, na viroboto huweza kuchukua tauni. Si hadithi za kale hizi: katika wilaya ya Lushoto, milimani Usambara, tauni ilizuka mwaka 1980, ikarudi mara kwa mara kwa miaka mingi, na watu walikufa. Panya akifa na kupoa, viroboto wake humwacha wakatafuta mwili mwingine wenye joto, na mwili ulio karibu ni wa yule mtoto ambaye amemshika panya kwa mkia, amchukulie nyoka wake. Kwa hiyo mfuga nyoka awe mfuga panya pia. Afuge panya weupe katika sanduku safi, awape nafaka na maji, nao watazaana upesi kuliko atakavyohitaji. Asiyeweza taabu hiyo asichukue nyoka alaye panya.

Juu ya kipimo, kanuni ni nyepesi. Mtazame nyoka mahali alipo mnene kuliko pote; panya asiuzidi unene huo. Taya za nyoka huachana, kwa kuwa nusu mbili za taya la chini zimeunganishwa na kano ivutikayo, nao watu wakiona hivyo hufikiri ya kuwa hakuna kikubwa asichoweza. Aweza kumeza, naam, lakini kumeza si kusaga. Chakula kikubwa mno hutapikwa baada ya siku moja au mbili, na kutapika humdhoofisha nyoka sana kuliko njaa. Wala usimlishe kila siku kwa sababu tu wageni wamekuja kutazama. Nyoka mnene aliyelala siku zote mafuta humzunguka moyo na ini, akafa kabla ya siku zake.

Joto nalo ni sehemu ya chakula. Mwili wa nyoka hauna moto wake wenyewe kama wetu. Moto huutoa nje. Penye joto la digrii 28 hata 30 tumbo hufanya kazi yake vema. Lakini mahali kama Njombe au Limuru, usiku wa baridi, panya aliyemezwa jioni huweza kuoza tumboni badala ya kusagwa. Basi upande mmoja wa sanduku uwe na joto na upande wa pili uwe na ubaridi kidogo, mwenyewe achague. Akisha kula, asishikwe siku mbili.

Akikataa kula, usimtie chakula kinywani kwa nguvu. Mtazame macho kwanza. Yakiwa meupe kama yenye ukungu, yuataka kujivua gamba, na wengi hawali wakati huo. Ngoja hata amalize. Huenda ana baridi, au hana mahali pa kujificha, au sanduku limewekwa njiani mwa watoto wapigao kelele. Nyoka mkubwa aweza kukaa majuma mengi bila kula, na chatu miezi, wala asidhurike. Kwa sababu hiyo usihesabu siku tu. Mpime kwa mizani kila mwezi, uandike katika daftari tarehe, uzito, alichokula na alichokataa. Uzito ukisimama palepale, tulia. Ukishuka mwezi hata mwezi, mwite bwana mganga wa wanyama, na umwonyeshe daftari lile. Litamwambia mengi kuliko maneno yako.

Maji yabadilishwe kila siku, katika chombo kizito asichoweza kukipindua. Na aliyemshika nyoka, au panya, au chombo hicho, aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa ugali, kwani nyoka aliye mzima kabisa huweza kuchukua vijidudu vya kuendesha tumbo, navyo huwashika zaidi watoto wadogo. Chombo cha nyoka kisioshwe pamoja na vyombo vya jikoni. Mama wa nyumbani atakushukuru.